Niliagiza ndege ya vita ya mbao hapa Lamu, haya ndo matokeo

Watu wengi wakiingia karakana za Langoni wanaagiza jahazi ndogo ama kasha la kuchongwa basi, hawajui fundi wa hapa anaweza kukutolea kitu chochote bora umueleze vizuri. Mi nliagiza ndege. Ile de Havilland Mosquito ya Waingereza ya vita vya pili vya dunia, na sikutaka ya plastiki manake yenyewe ilikuwa ya mbao, mabawa na kiwiliwili.

Fundi hakuamini. "Ndege ya vita ya mbao, mwanangu? Si risasi moja ishawaka?" Nikatoa simu nikamuonyesha picha, tukakaa pale juu ya maranda karibu saa nzima. Nikamwambia Waingereza waliona alumini itakuwa adimu lakini maseremala wa fanicha na mafundi wa piano walikuwepo, kazi ikapelekwa kwao. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940 kule Hatfield, injini mbili za Rolls-Royce Merlin, watu wawili tu ndani, na wazo la mwanzo lilikuwa ibebe mabomu bila bunduki hata moja, ijiokoe kwa mbio peke yake. Na mbio ilikuwa nazo, zaidi ya kilomita 600 kwa saa.

Kilichomshika fundi ni vile kiwiliwili kilivyoundwa. Nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, kama ganda la karanga, kila nusu inalazwa kwenye kalibu, plaiwudi nyembamba ya mti wa birch nje na ndani, katikati balsa, mti mwepesi sana uliokuwa ukitoka Ekuado. Nyaya na mabomba yanafungwa kukiwa bado wazi alafu ndo nusu zinaungwa. Akasema, "Hiyo ni kazi ya sanduku, si kazi ya chuma," na bila mimi kumuomba akafanya hivohivo, mbao mbili za mwembe, akazichimba ndani kwa patasi akaziunga. Ukipitisha ukucha tumboni mwa ndege unausikia ule mshono. Mabawa toka ncha hadi ncha ni sentimita 55, ya kweli ilikuwa mita 16 na nusu.

Nlichagua Mk VI, yaani toleo la sita, ndo iliyoundwa kwa wingi kuliko zote, mizinga minne ya milimita 20 chini na bunduki nne za rashasha puani. Kwangu mimi hakuna ndege ya vita ile iliyofanya kazi nyingi kama hii: kupiga picha, kupiga mabomu, kuwinda ndege za adui usiku, kuzamisha meli, hata BOAC, shirika la ndege za abiria la Uingereza, liliitumia kuleta beringi za chuma kutoka Sweden. Oktoba 1943 ilimtoa huko mwanafizikia Niels Bohr akiwa amelazwa kwenye chumba cha mabomu, kofia yenye spika haikumtosha kichwani hakusikia akiambiwa afungue oksijeni, akazimia, alhamdulillahi alifika hai. Lakini na ubaya wake usemwe. Tarehe 21 Machi 1945 huko Copenhagen, Denmark, marubani wa Mosquito walikuwa wanapiga ofisi za Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ndege moja ikaanguka karibu na shule, zilizofuata zikaona moshi zikadhani ndo penyewe. Watoto 86 walikufa. Kila nikiitazama hii ndege nakumbuka hilo.

Sasa kasoro. Niliambiwa wiki mbili zikawa tano. Propela alizitia mapanga manne na Mk VI ina matatu, nikarudisha. Alafu baada ya mwezi kwenye rafu karibu na dirisha la baharini ule mshono ukaachia kwenye mkia, unyevu tu. Na Mosquito zenyewe ziliugua hivohivo, gundi ya mwanzo ilitokana na maziwa, haikupatana na joto la unyevu, wakahamia gundi ya viwandani. Nikampelekea fundi, akaikwangua yote akaiunga upya kwa gundi ya kuchanganya mbili ile ya boti, hakuchukua hata shilingi. Kaskazi yote imepita haijafunguka.

Bei elfu saba, kwa kazi ya mkono vile naona ni haki, nampa nyota nne. Nishalipa nusu ya Mk XVIII, ile yenye mzinga wa milimita 57 waliyoiita Tsetse, yaani mbung'o. Ukienda, beba picha za juu, chini na ubavuni pamoja na vipimo kwa sentimita, mi zile propela zilikosewa kwa sababu picha niliyomwachia ilikuwa ya ubavuni peke yake.