OrganOx metra: inafaa kwa maini yapi?

OrganOx metra ni mashine ya kulihifadhi ini la mtoaji likiwa hai hadi lipandikizwe kwa mgonjwa. Ini la mtoaji kijana, lisilo na mafuta, halihitaji sana mashine hii. Safari ikiwa fupi, barafu inatosha. Thamani yake iko kwenye maini ya wasiwasi: ya wazee, yenye mafuta, au ya waliofariki baada ya moyo kusimama.

Ini huunganishwa mipira kwenye mishipa yake mikubwa, kisha huzungushiwa chembe nyekundu za damu zenye oksijeni kwa nyuzi 37. Linaamka na kutoa nyongo. Hapa ndipo tunapoipa alama za juu, maana unapima badala ya kukisia kwa macho. Lakteti, asidi ambayo ini lenye afya huiondoa, ikishuka hadi 2.5 mmol/L au chini ndani ya saa chache za mwanzo, ni dalili njema. Ikigoma kushuka, liache. Pima na pH ya nyongo (kipimo cha asidi): ikiwa na asidi, huenda mirija ya nyongo imeumia, na tatizo hilo hujitokeza miezi kadhaa baada ya upasuaji.

Isiuzwe kama muujiza, lakini. Mafuta ya matone makubwa ndani ya seli za ini yakizidi 30% hatari hupanda. Yakipita 60% timu nyingi hulikataa ini, na saa chache za mashine haziyayeyushi. Jaribio la Ulaya lililochapishwa 2018, la maini 220, lilionyesha jeraha la ini, kwa kipimo cha vimeng'enya, likipungua kwa nusu kuliko kwa maini yaliyohifadhiwa barafuni, ila uhai wa wagonjwa haukutofautiana.

Kasoro nyingine ni gharama, na kwamba mpira ukijikunja mtiririko huanguka mara moja. Lazima mtaalamu awe karibu.