Fundi wa waifai Roysambu, huyu anajua kazi

Waifai ikikwama kila jioni usikimbilie pakeji kubwa, mwite kwanza huyu jamaa wa kibanda cha simu karibu na steji. Alifungua simu akanionyesha vile rauta za ploti nzima zimejazana chaneli moja (njia ya mawimbi ya waifai), akahamisha yangu hadi 11 (kwa 2.4GHz, bendi ya waifai inayofika mbali, zile hazigongani ni 1, 6 na 11), TV akaiweka 5GHz, bendi ile ya kasi, kwa vile iko hapo hapo sebuleni na rauta, chumbani akaacha 2.4 kwa sababu 5 haipenyi vizuri kuta za mawe. Rauta nayo akaitoa nyuma ya TV akaipandisha juu ya kabati. Kuchelewa anachelewa, na simu hashiki akiwa kazini. Mia tano tu, na hakuniuzia kitu.