Saji protekta na ethi rodi kwa pampu na mota ya geti: uzoefu wangu

Seti hii nimeifunga kwenye nyumba ya Bukoba, ambako pampu ya kisima, mota ya geti na taa za ukuta vyote viko nje. Ndani yake mna saji protekta (kifaa cha kuzuia volti za ghafla, kama za radi) ya Aina ya 2, yaani ya kufungwa kwenye boksi la breka, yenye moduli mbili, ethi rodi mbili (fimbo za kupeleka umeme ardhini) za mita 1.2 zenye kipenyo cha mm 16, klempu mbili za kubana waya kwenye rodi, na mita 10 za waya wa kijani na njano, saizi 10.

Protekta yenyewe ni nzuri. Karatasi ya maelekezo ndiyo inayopotosha: inakuonyesha uifunge kwenye kiboksi cha pembeni, kwa waya wa mita nzima kutoka laini na mwingine kama huo kwenda ethi. Usifanye hivyo. Mkondo wa radi hupanda ghafla mno, kiasi kwamba kA 10 (ampea 10,000) zikipita kwenye waya wa mita 1 tu, waya huo huongeza takriban volti 1000. Kifaa chenyewe kinazibana volti za radi zisizidi 1500. Ongeza mita 2 za waya, na pampu inaonja 3500. Mimi nimekiweka ndani ya boksi la breka, mara tu baada ya meni swichi: sm 18 kutoka laini, sm 25 hadi baa ya ethi. Jumla isizidi sm 50. Waya ukibaki, ukate. Ukiuzungusha kama koili umeharibu kazi yote.

Rodi nilizikwaruza kwa tupa kabla ya kuzipigilia. Shaba ikitoka kwa mkwaruzo mmoja na chuma kikaonekana, rudisha dukani. Hizi zilistahimili. Ziachane kwa umbali usiopungua urefu wa rodi. Mimi nimeacha mita 2.4. Nilipima ukinzani wa ardhi (omu zikiwa chache ndiyo bora) mwezi wa Julai, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu kipimo cha masika kinadanganya: rodi moja ilisoma omu 38, mbili zikiungwa omu 21. Haikutosha. Nimeongeza mbili nyingine, ikashuka hadi 12. Chumvi na mkaa ambavyo mafundi hupenda kumwaga shimoni siviafiki: chumvi husombwa na mvua na huku inaila klempu.

Geti liko mita 25 kutoka nyumbani, kwa hiyo protekta ya boksini hailifikii vya kutosha. Inahitajika protekta ya pili palepale kwenye mota, na rodi ya getini iungwe na ethi ya nyumba. Kuiacha peke yake ni kosa ninaloliona kila mahali: radi ikipiga jirani, ardhi ya geti na ya nyumba hupata volti tofauti, na tofauti hiyo hupitia kwenye kadi (bodi ya elektroniki) ya mota.

Moduli zina kidirisha cha kijani. Kikiwa chekundu, unazima meni swichi, unachomoa moduli hiyo na kuchomeka mpya bila kugusa waya. Kikague baada ya kila mvua kubwa ya radi.

Kwa paneli za sola usiitumie; upande wa DC (umeme unaotoka kwenye paneli) una protekta zake. Wala haihimili radi inayopiga nyumba moja kwa moja.

Nyota 4. Klempu ni za chuma kilichopakwa zinki, na kwenye shaba zinashika kutu haraka. Nunua za shaba nyeusi (bronzi) kabla ya kufukia.