TAHADHARI: Wenye magari ya umeme Ujerumani, chungeni neno "bis zu"

Ndugu zangu mnaoendesha magari ya umeme huku Ujerumani, someni hili kabla hamjatuma picha ya kadi ya gari kwa dalali yeyote wa THG, yaani vyeti vya gesi joto ambayo gari la umeme limeepusha, ambavyo mwenye gari anaweza kuviuza kila mwaka.

Februari 2023 niliandikisha gari langu kwa dalali mmoja wa mtandaoni. Tangazo lake: "bis zu 320 Euro", yaani hadi euro 320. Macho yakaganda kwenye 320, ile "hadi" nikaipita. Nikapiga picha Fahrzeugschein, ile kadi ya gari, nikatia sahihi kwa kidole kwenye simu, nikakaa kusubiri. Kila nikiuliza naambiwa Umweltbundesamt, idara ya serikali ya mazingira, bado haijathibitisha. Oktoba ikaja barua pepe: soko limeshuka, malipo yako sasa ni euro 85. Hata hizo 85 sikuzitia mkononi. Mwaka uliofuata kampuni ikafilisika.

Kushuka kwa bei kwenyewe si uongo, ndiyo maana maelezo yao yanaingia akilini. Wanunuzi wa vyeti hivi ni kampuni za mafuta, ambazo sheria inazilazimisha kupunguza gesi joto, la sivyo zinatozwa faini. Mwaka 2022 mwenye gari aliweza kupata euro 300 na zaidi. Kisha vyeti vikafurika sokoni: vya biodizeli kutoka China iliyotiliwa shaka, na vya miradi ya kupunguza hewa chafu kwenye visima vya mafuta huko huko China, ambayo mingine ilishukiwa kuwa ya kughushi. Kufikia 2024 wengi walikuwa wanaambulia chini ya euro 100. Ila dalali wa "hadi" haumii soko likianguka. Anakukata wewe.

Na huwezi kumkimbia. Cheti cha gari moja kinauzwa mara moja tu kwa mwaka, na ukishasaini haki ya kukiuza ni yake. Oktoba ile ile nilijaribu kwa dalali mwingine, nikakataliwa: gari langu lilikwisha kutumika kwa mwaka huo.

Kwa hiyo tafuteni palipoandikwa "Festpreis", bei isiyobadilika, halafu mteremke mpaka kwenye masharti muone fedha inalipwa lini. Ikiwa ni "baada ya kuuza", achaneni naye; atauza lini, nani ajuaye? Bora euro 70 ndani ya wiki mbili kuliko 200 za kuahidiwa. Anayedai ada ya kuanzia au PIN ya benki ni tapeli, na anayesema atanunua THG ya gari la haibridi anadanganya, maana ni magari yanayotumia betri peke yake tu yanayokubaliwa. Wala msikimbizwe na "mwisho leo": maombi ya mwaka yanapokelewa Umweltbundesamt hadi 15 Novemba.

Kadi ya gari msiirushe kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwa kuomba ushauri tu. Picha ile ndiyo karatasi kuu ambayo matapeli wanaihitaji kuuza haki yako.

Mliokwama na kampuni iliyofilisika kama mimi, pelekeni dai lenu kwa maandishi kwa msimamizi wa ufilisi, mkiambatisha mkataba na barua pepe zote. Zile fomu zina Kijerumani kigumu, mimi mwenyewe zilinichukua jioni mbili. Anayeshindwa aniandikie, tutazijaza pamoja.