Mkopo wa karo wa sacco (chama cha akiba na mikopo): nimeutumia mwaka mzima nikisomea unesi

Nianze na alama ili mwenye haraka aende zake: nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya ujumbe wa simu, nitaufikia.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi hapa Kisumu. Mchana niko darasani au wadini. Usiku, mara nne kwa wiki, namwangalia mzee mmoja wa Milimani aliyepata kiharusi, na mwisho wa mwezi bintiye aliye Marekani hunitumia 18,000. Kila baada ya saa mbili namgeuza ubavu asitoke vidonda vya kulalia, nakagua visigino, nanyoosha shuka, kisha narudi kwenye daftari langu la famakolojia chini ya taa ya kando ya kitanda. Jaduong', ndivyo ninavyomwita mzee wangu, haongei sana tangu augue, lakini akiona nimesinzia hugonga ukuta mara mbili kwa ule mkono wake mzima. Nimewahi kununua saa ya kengele pale soko la Kibuye, haimfikii.

Karo ya muhula wa kwanza ilitoka kwa mtamba wa nyanya yangu, aliyeuzwa soko la Luanda. Mtamba akaisha kabla hata sijanunua viatu vyeupe, sare ya pili na saa ya kubandika kifuani. Nyanya hakuwa na mtamba mwingine.

Sacco yenyewe ni ya hapa mjini, ya wafanyabiashara wadogo na sisi wa mishahara ya kubana. Jina silitaji, sikuja kuitangaza wala kuisuta. Nilijiunga zamani kidogo, nikiwa naosha vyombo kwenye hoteli moja karibu na Oile, nikiweka 2,000 kila mwezi bila kujua ni za nini. Miezi kumi na minne, 28,000. Akiba hiyo huwezi kuitoa ukiwa bado mwanachama, na nilipoisikia mara ya kwanza sheria hiyo niliona ni wizi. Sasa naishukuru. Ingekuwa inatoka ningeila Krismasi ya kwanza.

Wanakukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa hivyo ningeweza kuomba 84,000. Niliomba 60,000 za miezi kumi na miwili, riba asilimia moja kwa mwezi ya deni lililobaki. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ya kuuliza kaunta kabla hujatia sahihi popote. Kwa deni lililobaki, mwezi wa kwanza nililipa 5,600, wa pili 5,550, wa tatu 5,500, ikashuka hivyo hivyo hadi 5,050 mwezi wa mwisho. Riba yote 3,900. Ingekuwa ni asilimia moja ya 60,000 kila mwezi bila kushuka, ningelipa riba ya 7,200. Karani ni yule yule, asilimia ni ile ile, na hatakuambia usipouliza.

Pesa ilichukua wiki tatu, maana kamati ya mikopo hukaa Alhamisi tu na Alhamisi moja hawakutimia. Kwa hiyo ukiwa na tarehe ya karo, peleka fomu mwezi mzima mapema. Mimi nilipeleka wiki mbili kabla, nikakaa nje ya chumba cha mtihani wa kwanza hadi mkuu wa idara aliponihurumia.

Hapo katikati, kwa hofu, nikafanya ujinga. Nikakopa kwenye programu moja ya simu. Niliomba 6,000, zikaingia 5,400, na baada ya siku thelathini walitaka 6,000 zao kamili. Piga hesabu mwenyewe: 600 kwa mwezi mmoja juu ya 5,400. Siku ya thelathini na moja walimpigia mwalimu wangu wa zamani wa shule ya msingi, namba ambayo hata mimi nilikuwa nimesahau ninayo. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza kuchimba orodha ya namba zako namna hiyo. Mwalimu alinitumia 1,000 bila kuniuliza kitu, nikalia ndani ya matatu.

Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, ni nafuu zaidi, asilimia nane kwa mwaka, na katika kila unachokopa asilimia tano inawekwa akiba. Lakini mkopo wa mtu binafsi ni wa siku kumi na nne. Ni pesa ya nauli na unga, karo haiingii humo.

Na kabla ya sacco, kabla ya chochote, omba HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Riba ni asilimia nne kwa mwaka, unaanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Wakati wa kulipa ukifika ukanyamaza, kuna faini ya 5,000 kila mwezi, kwa hivyo usijifanye umesahau. Basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, nayo niliipata, 5,000, baada ya kupanda matatu hadi nyumbani Vihiga kutafuta muhuri wa chifu mara mbili. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, usiiwekee matumaini ya kodi ya nyumba. Pengo lililobaki baada ya hizo mbili ndilo nililoziba kwa sacco.

Jambo moja nje ya mikopo, maana nimeona wasichana wawili wa kwetu wakilia: kabla hujalipa hata shilingi, angalia kama chuo kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi. Usiposajiliwa na Baraza ukiwa mwanafunzi, hutafanya mtihani wao wa leseni, na karo hairudi. Na kama wewe tayari ni muuguzi wa cheti, una njia rahisi kuliko yangu. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref na Baraza waliwaanzishia wauguzi wa cheti masomo kwa njia ya kompyuta wapande hadi diploma wakiwa kazini. Sisi tunaoanza chini kabisa hatuna hiyo bahati. Wadi inakutaka wewe mwenyewe, saa zake.

Na wadi ndiyo iliyonichelewesha kulipa awamu ya tano ya mkopo. Tulipangiwa zamu ya usiku wiki mbili Russia (wageni: ndivyo tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga). Sikuweza kuwa kwa wagonjwa wawili usiku mmoja. Binamu yangu akanishikia kwa Jaduong', na nusu ya mshahara ikawa yake, haki yake. Nilibaki na 9,000, kodi Nyalenda 3,500, na 5,400 za sacco zikachelewa siku moja.

Siku moja. Jioni ile ile sacco ikawatumia ujumbe wadhamini wangu wote watatu, wale waliotia sahihi kunidhamini mkopo.

Mmoja wao ni mama anayeuza omena Kibuye. Tulijuana tangu enzi za kuosha vyombo, nikiinunulia hoteli omena kwake kwa gorogoro. Yeye hasomi vizuri. Kesho yake nilipita kununua omena ya hamsini, akanipa simu: "Nyathina, mwanangu, nisomee huu, wameandika nini?"

Nikamsomea wote, mpaka jina langu.

"Kwa hivyo pesa yangu imeshikwa?"

"Ilishikwa siku ile ulipotia sahihi, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize kulipa."

Alikuwa anataka kukopa anunue friza, na hapo ndipo alipojua hawezi, akiba yake imefungwa na karo yangu. Hakunifokea. Alinipimia omena yangu, akafunga mfuko, na hakuniwekea nyongeza. Kwa miaka yote ile sijawahi kuondoka pale bila nyongeza.

Hiyo ndiyo alama niliyoikata. Nilikuwa nimempigia karani siku tatu kabla, nikamweleza, akasema hakuna shida. Wangeweza kuniandikia mimi kwanza. Na yule karani aliyenipa fomu angeweza kuwaeleza wadhamini kwa Kiswahili cha sokoni kwamba sahihi yao inafunga pesa yao. Fomu yote ni Kiingereza, herufi za sisimizi. Kosa langu pia, maana mimi nilikuwa naisoma na sikumsomea. Niliogopa angekataa.

Nililipa kesho yake kwa kukopa kwa binamu, na sikuchelewa tena. Awamu ya mwisho, ile ya 5,050, niliituma mwezi uliopita nikiwa kwa Jaduong'. Nikapitia sokoni asubuhi kumwambia mama pesa yake imefunguka. Akasema ameshaletewa ujumbe, safari hii mjukuu alimsomea.

Karo ya mwaka wa tatu inaanza Septemba na fomu mpya ninayo, 50,000. Mama amenikatalia vizuri kabisa, anachukua friza kwanza, nimuulize tena Desemba. Nimeshapata wadhamini wawili, nikawasomea kila mstari kabla hawajashika kalamu, na yule wa tatu aliposikia akaniambia atafikiria. Kamati inakaa Alhamisi.