Fundi umeme wa Msamvu, Morogoro: kamaliza kesi ya Hilux yangu kuzima zima njiani

Wakuu salama, naandika hii kwa yeyote mwenye pikapu ya zamani inayozima zima njiani alafu ukiifikisha gereji inakuwa nzima kabisa. Mi nina Hilux ya mwaka 97, injini ni 3L ya dizeli, ndo inayonilisha, nashusha mboga kutoka Mgeta kuja Morogoro mjini, karoti, kabichi na njegere zikiwa msimu. Miezi minne hii gari ilinitesa mpaka nikaanza kuulizia watu bei ya kuiuza.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi, unatembea vizuri tu, ghafla injini imezima kama mtu kazima ufunguo, haikohoi, haitetemeki. Unapiga stata inazunguka ila haiwaki. Unakaa dakika kumi au robo saa, unapiga tena inawaka kama haikuwa na shida yoyote. Alafu asubuhi kule juu kwenye baridi ilikuwa haiwaki mpaka niipampu kwa mkono pale kwenye filta ya dizeli. Na usiku nikiwasha taa kubwa mshale wa joto unapanda wenyewe, nikizima taa unashuka. Kuna siku ilinizimia kwenye kona ya kupanda na mzigo umejaa nyuma, utingo akaruka kuweka jiwe kwenye tairi, mpaka leo nikipita ile kona moyo unanidunda.

Gereji ya kwanza walishusha pampu ya dizeli na kupima nozeli, laki nne na nusu ikaondoka, wiki mbili tu gari ikazima tena. Ya pili wakasema betri, nikanunua betri mpya. Ya tatu wakaniambia ipimwe kwa kompyuta nikatoa elfu hamsini, na hili ndo linaniuma zaidi maana 3L haina kompyuta ya injini, hakuna hata pa kuchomeka hiyo mashine yao, na wao walikuwa wanajua. Sehemu zote tatu hakuna aliyepanda gari akaendesha, wanaiwasha pale pale inanguruma vizuri wanakwambia tayari bosi.

Huyu fundi nilielekezwa na dereva wa Canter. Banda lake halina kibao, ni turubai, benchi na makopo ya nati, na yeye anashughulika na umeme wa magari tu, injini hagusi. Nimefika nimemwamkia shikamoo, hakufungua hata boneti, akaanza kuuliza maswali. Ikizima inazima ghafla au inakufa taratibu? Taa za dashibodi zinabaki? Ilizima ukiwa kwenye lami au kwenye mashimo? Injini ilikuwa imeshapata moto au bado? Asubuhi ukishapampu inawaka palepale? Nikamjibu yote, akaniambia "mwanangu, haya ni magonjwa mawili, wenzangu walikuwa wanatafuta moja."

Akanieleza kitu ambacho nadhani kila mwenye dizeli ya zamani anatakiwa akijue. Injini kama hii ikishawaka haihitaji umeme kuchoma dizeli, haina plagi za cheche. Inategemea waya mmoja tu, ule unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu. Solenoidi ikipata umeme inafungua njia ya dizeli, ikikosa inafunga na injini inazima hapo hapo. Kwa hiyo gari ikizima kama umezima ufunguo mshuku huo waya kwanza, ila ikizima huku inakohoa na kupoteza nguvu taratibu, hapo fuatilia dizeli na upepo unaoingia kwenye mipira yake.

Alichofanya baada ya hapo ndo kilinifanya nimkubali. Alichukua balbu ndogo ya indiketa, akaunga waya mrefu kwenye kichwa cha solenoidi na mwingine kwenye ethi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye betri, akazipitisha dirishani na kuibandika balbu kwa tepu juu ya dashibodi mbele yangu. Akasema twende Mgeta. Gari ikizima angalia balbu, ikizima na yenyewe ujue umeme umekatika, ikibaki inawaka umeme upo na shida ni dizeli. Tukaingia Sangasanga, tukapita Mzumbe, tukaanza kupanda, na yeye kimya macho kwenye balbu. Tumetembea kama saa nzima hakuna kitu nikaanza kuona aibu, alafu kwenye mashimo balbu ikapepesa mara mbili ikazima, na injini ikazima nayo.

Hakuniruhusu nipige stata. Akashuka mbio kabla haijapoa, akapima kwenye fyuzi, umeme upo. Akapima kwenye solenoidi, hakuna. Kumbe umeme unapotelea katikati ya hizo sehemu mbili, akaanza kufuata fungu la waya kwa vidole huku anauvuta kidogo kidogo. Nyuma ya injini pale waya zinapoingilia ndani akakuta tepu nyeusi imevimba. Kuifungua, mtu alishawahi kukata ule waya akaunga alamu, akausokota kwa mkono bila kulehemu, shaba imekuwa kijani na nyuzi zilizobaki zinahesabika. Injini ikipata moto ile jointi inaachia, ikipoa inashika. Jamani laki nane na kitu zimeondoka kwa ajili ya jointi ndogo kama punje ya mahindi! Akakata sehemu mbovu, akaweka kipande kipya, akalehemu na kukivalisha mpira.

Shida ya mshale wa joto nayo ilikuwa ethi mbovu. Akachukua mita ya kupima umeme, mguu mmoja kwenye hasi ya betri mwingine kwenye bloku ya injini, akaniambia piga stata, ikasoma volti 1.1 na yeye anasema isifike hata nusu volti. Ule mkanda wa ethi wa kutoka injini kwenda bodi ulikuwa umeliwa na kutu, akaweka mpya, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukapima tena 0.1. Hata stata sa hivi inazunguka kwa nguvu, na kumbe betri yangu ya zamani haikuwa na kosa.

Ugonjwa wa pili alisema sio kazi yake ila alinionyesha. Alifunga kipande cha mpira unaoona ndani kati ya filta na pampu, injini ikiwa inanguruma nikaona mwenyewe vipovu vinapita. Mpira wa dizeli unaoingia kwenye filta ulikuwa na ufa, usiku unaingiza upepo. Mpira mpya elfu nane na klipu zake nikafunga mwenyewe, asubuhi ya pili ikawaka bila kupampu.

Alinitoza elfu tisini jumla na mafuta ya kwenda Mgeta yalikuwa juu yangu. Mabaya yake nayo yapo, anashika gari moja moja kwa hiyo nilisubiri siku mbili kabla hajanigusa, simu hapokei akiwa kazini, risiti hana, na kama una haraka mtagombana maana hawezi kubadili kifaa bila kukipima. Kwangu mimi hilo la mwisho ndo lililonifanya nimpe nyota tano.

Balbu hakuitoa, alisema nikae nayo mpaka nipande Mgeta mara tatu na mzigo. Nimeshapanda mara kumi na moja, mvua imo, inawaka tu. Anayemtaka afike Msamvu aulizie kwa wauza betri mzee wa umeme mwenye turubai la bluu, na aende asubuhi kabla ya saa mbili.