Kipimio cha baruti kilichotaka kunimalizia nyumba

Miezi mingi imepita na bado nikikiona kipimio hiki damu inanichemka. Nilikinunua kwa sababu kila niliyemuuliza alikisifu: bei nafuu, chepesi, unakifunga juu ya presi, ile mashine ya mezani ya kujazia maganda ya risasi, na kuanza kazi hapo hapo. Leo kimo ndani ya boksi chini ya meza yangu ya gereji, nimekizungushia utepe mwekundu ili mwanangu asije akakiokota siku moja akadhani ni kizima.

Nianze na mke wangu, maana yote yalianza kwa ajili yake. Ni miaka kumi na minne sasa analea wazee hapa Minnesota. Wanaoijua kazi hiyo hawahitaji maelezo: kumgeuza mgonjwa kitandani, kumnyanyua, kumkalisha, kisha zamu nyingine juu ya zamu. Viganja vimechoka, usiku ganzi inamwamsha anakaa kitandani akikung'uta mikono. Raha yake moja ni Jumamosi, tukienda kwenye uwanja wa shabaha wa ndani. Anatundika karatasi yadi saba, anavaa vizuia masikio vyake, anatoboa matundu taratibu kama mtu anayedarizi. Bastola yake ni ya silinda inayobeba risasi sita, ya .357 Magnum, chuma kitupu, na kama zilivyo zote za aina hiyo inameza pia risasi za .38 Special, ambazo ni fupi kidogo na pole zaidi. Lakini hata hizo .38 za dukani zilimshinda. Akimaliza silinda mbili tu, anaiweka bastola mezani na kuanza kujikanda. "Baba watoto, inanipiga teke," aliniambia siku moja. Huyu ni mtu ambaye hasemi ameumia mpaka ameumia kweli.

Ndipo nikaanza kujaza maganda mwenyewe. Huku Marekani mtu anaruhusiwa kujitengenezea risasi za matumizi yake. Mlioko nyumbani sheria zenu ni nyingine kabisa, msiige.

Na niseme ukweli kabla hasira haijanipeleka mbali: jambo lenyewe ni zuri mno. Risasi ya .38 Special ilianza kuuzwa mwaka 1898, enzi za baruti nyeusi, na ganda lake lilifanywa refu ili baruti ile nyingi ienee ndani. Baruti ya leo isiyo na moshi ina nguvu kiasi kwamba kwa kazi ya kutoboa karatasi unaweka kidogo tu kinafunika kitako cha ganda, sehemu nyingine yote inabaki tupu. Kopo la ratili moja ni greni 7,000, ndicho kipimo kidogo cha uzito tunachopimia baruti na vichwa vya risasi. Linakutolea zaidi ya risasi elfu mbili za namna hii. Kiasi chenyewe sikiandiki. Kachukueni kwenye kitabu cha aliyeitengeneza hiyo baruti, na msishuke chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa humo kwa kufikiri kuwa pole zaidi ni salama zaidi. Baruti ikipungua mno, kichwa cha risasi hakifiki nje ya mtutu.

Vichwa ninavyotumia ni vile butu vya greni 148 ambavyo wapiga shabaha wa huku huviita wadikata, vya madini ya risasi matupu bila koti la shaba. Vinazama ndani ya ganda mpaka vinakuwa sawasawa na mdomo wake. Karatasi vinaikata duara safi, kama kitobozi cha ofisini. Na kwa kuwa ni laini, vinateleza mtutuni kwa msukumo mdogo ambao ungeweza kukikwamisha kichwa chenye koti.

Hamsini za kwanza nilizipima kwa kijiko kidogo cha plastiki na mizani, moja moja, jioni nzima. Mke wangu alizimaliza zote. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona akimaliza boksi zima. Matundu yalikaa pamoja, ungeyafunika kwa kisosi. Bastola ilikuwa inatikisika tu mkononi mwake badala ya kuruka. Alinigeukia akicheka, na usiku ule alilala.

Basi nikaharakisha. Hilo kosa ni langu. Nikasema kijiko kinachelewesha, ngoja ninunue kipimio, unavuta mkono wake wa pembeni baruti inashuka, unasogeza ganda jingine. Nikafanya risasi mia kwa muda ambao zamani ningefanya hamsini.

Ilikuwa katikati ya baridi. Asiyewahi kukaa huku hajui hewa ya ndani inavyokauka hita ikiwaka usiku na mchana. Ukivua sweta cheche zinaruka, ukishika kitasa kinakuchoma. Tangi la kipimio hiki ni la plastiki. Baruti niliyokuwa nayo ni ya vipande bapa, vyepesi kama makapi ya mtama. Vikawa vinaganda ubavuni mwa tangi vinagoma kushuka. Niliona, nikagonga kwa kidole, nikaendelea.

Jumamosi hiyo, silinda ya tatu, risasi ya nne. Badala ya mlio nikasikia "pu", kama kizibo cha chupa. Teke hakuna. Karatasi haikutoboka. Mke wangu akasema, "He, hii vipi?" na kidole kilikuwa kinarudi kwenye kifyatulio.

"Acha!"

Alikuwa mzee wa kizungu wa kibanda cha jirani, ambaye hatujawahi kusalimiana naye hata siku moja. Wala hakuwa anatutazama. Alisikia mlio tu. Akaiweka yake chini, akamwita msimamizi, wakamwomba mke wangu kwa upole aielekeze bastola mbele na aondoe kidole. Wakafungua silinda, wakatoa zilizobaki, wakamulika tochi nyuma ya mtutu. Mtutu mzima huonyesha mwanga. Wetu ulikuwa giza. Kichwa kilikuwa kimekaa katikati humo ndani, kimesukumwa na fataki peke yake, kile kiwashio kidogo cha kitakoni mwa ganda, na kidole cha mama watoto kilikuwa kinataka kukipelekea kingine mgongoni.

Mzee alikuwa na ufito wa shaba nyeupe kwenye begi lake. Akagonga kwa nyundo ndogo, polepole, mpaka kikadondoka mezani: kijidude cha kijivu, mistari ya mtutu imechorwa ubavuni. Akanionyesha kitako chake.

"Baruti yake iko wapi?" akaniuliza.

Nikamjibu nadhani ganda lile sikulijaza.

"Ulivuta mkono?"

"Nilivuta."

"Basi baruti yake ipo. Imo kwa jirani yake."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Vipande vile bapa hukwama kwenye shingo ya mrija wa kipimio, unaoteremsha baruti kwenye ganda, vikafanya daraja. Ganda la kwanza linapita bila kitu. Ukivuta tena, daraja linavunjika, na ganda linalofuata linapokea lake na la mwenzake. Na kwa kuwa ganda la .38 ni refu, halimwagiki. Unaweka kichwa juu, unakunja mdomo wake, nazo zinafanana kama mapacha.

Tulikuwa tumepiga kumi na sita. Zilibaki themanini na nne. Kuzipima nzima nzima kwa mizani hakusaidii, maana maganda yenyewe yanapishana uzito kuliko baruti iliyomo. Hakuna njia ila kuzivunja. Nilikaa sakafuni gereji na ile nyundo ya kutolea vichwa, unaiingiza risasi kichwani mwa nyundo, unagonga saruji mpaka kichwa kinachomoka, unamimina baruti kwenye sahani ya mizani, unasoma namba. Moja. Nyingine. Nyingine. Kama kumi hivi zilikuwa pungufu. Ya sitini na moja niliimimina nikaona rundo kabla sijatazama namba. Ilikuwa mara mbili kasoro kidogo.

Mke wangu alikuja na chai, akaiacha kwenye ngazi ya mlango kama ninavyomwomba siku zote, kwa sababu madini haya ni sumu na hayakai pamoja na kinywaji. Akaniona nilivyokaa.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo."

Akachuchumaa akaitazama ile sahani, kimya, muda mrefu.

"Ilikuwa ije ya ngapi?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Zilikuwa zimechanganyika kwenye boksi. Ingeweza kuwa inayofuata ile ile.

Pengine chuma kingestahimili. Nalisema kwa sababu nataka kuwa mkweli: .357 Magnum imejengwa kwa mgandamizo wa mara mbili ya ule wa .38 Special, na pengine ingetoa kishindo kikali tu mkono ukauma. Pengine. Lakini kichwa kile cha wadikata huzama ndani kikaibana baruti mahali padogo, na mtutu mbele ulikuwa umezibwa. Sikumwoa mke wangu ili nimfanyie majaribio ya chuma.

Jumatatu nikawapigia simu waliokitengeneza. Sikuwa nataka pesa. Nilitaka mtu mmoja aseme, "Pole, tutakiangalia." Nikapata kijana ambaye kabla sijamaliza sentensi ya kwanza alinikatiza aulize nimetumia baruti gani. Nikamtajia. Akacheka. Nawaapia alicheka. Akaniambia wanaolalamika wote ni wavivu wa kutazama ndani ya ganda. Nikamwambia mke wangu ndiye aliyeishika bastola. Akaniomba nirudie, nikarudia, akaniomba tena, eti lafudhi yangu haimwingii, halafu akasema kazi hii ni ya watu wanaoweza kufuata maelekezo, labda ningeanza na kitu rahisi zaidi.

Nimekaa nchi hii miaka mingi na lafudhi yangu nimeshasikia ikisemwa mengi. Lakini si siku ile, si juu ya jambo lile. Nilikata simu mikono ikinitetemeka.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba kijitabu chao kweli kimeandika. Ukurasa wa karibu na mwisho, maandishi madogo: tazama kiwango cha baruti katika kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Sikutazama. Nilikuwa nasikiliza mpira kwenye simu, nikavuta mkono na kuweka kichwa papo hapo. Kwa hilo siwezi kumlaumu mtu. Nilipoanza kuandika haya nilitaka kukipa kipimio chao nyota mbili badala ya moja kwa ajili hiyo, na kwa haki ya Mungu yule mzee alinifanya nikijaribu tena kwa baruti yake ya punje ndogo za mviringo, na mara hamsini kilishusha kipimo kile kile bila kukosea. Mwenye kutumia baruti ya punje atakipenda. Siwezi kusema uongo juu ya hilo.

Lakini nilikifungua. Nikaukata ule mrija kwa msumeno mdogo, na ndani yake, pale shingoni, kuna ukingo wa plastiki uliobaki tangu kilipotoka kwenye kalibu, mkali kama ukucha, umejitokeza kiasi cha nusu milimita hivi. Hapo ndipo vipande vinaponasa. Ukipitisha kidole unausikia. Mtu mmoja kiwandani kwao angeupitishia kijisu mara moja tu, mambo yangekwisha. Na juu ya boksi wameandika kinafaa baruti zote za bastola. Zote! Wanajua watu wa shabaha pole hutumia vipande bapa, ndiyo baruti zetu hizo miaka nenda rudi. Basi ile nyota ya pili naiondoa. Kijitabu hakiponyi ukingo mkali.

Walinitumia mrija mpya kwa posta, bila barua, bila neno. Sijaufungua.

Anayeshikilia kuwa nacho, basi angalau apanguse tangi kwa vile vitambaa vya kuweka kwenye mashine ya kukaushia nguo, vinapunguza umeme wa hewa kavu. Na baruti akiona inaning'inia ubavuni asimame, asigonge na kuendelea kama nilivyofanya mimi.

Sisi tumerudi kwenye kijiko. Nina ubao niliotoboa matundu hamsini, mistari mitano ya kumi kumi. Najaza yote, siweki kichwa hata kimoja. Simu inabaki jikoni. Kisha namwita mke wangu, maana amekataa risasi isiyopita mbele ya macho yake. Anakuja na tochi, anainama, anamulika mstari kwa mstari, midomo ikihesabu. Juzi aliweka kidole juu ya ganda moja la mstari wa tatu. "Hili limepanda." Nikalimwaga kwenye mizani. Lilikuwa sawa, vipande vilikuwa vimeegemea upande mmoja tu. Nikampa sahani asome mwenyewe. Akasoma, nikalijaza upya, akarudia mstari wote kuanzia mwanzo.

"Hamsini," akasema, akazima tochi.